Kimbia, Kavaluku

Jumatatu, 3 Juni

Kama umeokota daftari hili, nakusihi lifunge. Kama umeshaanza kusoma, basi nakuomba kitu kimoja tu: hata neno moja lisitoke kinywani mwako. Si sokoni, si kanisani, si kwa mume wako mkiwa ndani ya neti. Mji huu wa Wote ni mdogo. Mimi ni karani, bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na hapa sina ndugu. Nitaandika jinsi ninavyowachukia watu. Ni watu haohao ninaowaogopa.

Sasa, ya leo.

Tumekimbia kama kawaida, mimi na mbwa. Tumetoka mlangoni kukiwa na ukungu, tumeshuka hadi darajani, tumepanda kilima, tumerudi. Baridi ya Juni inaingia masikioni. Mwaka jana nilikuwa nakimbia peke yangu, mpaka asubuhi moja mwanamume mwenye kofia ya sweta akanifuata hadi darajani bila kusema lolote. Tangu siku hiyo sikimbii bila mbwa. Nikiwa na mbwa siogopi. Ni saa hiyo moja tu kwa siku ambayo siogopi.

Anaitwa Kavaluku. Kwa Kikamba ni sungura, yule mjanja wa hadithi. Nilimtoa kwetu Kitui akiwa mdogo, na nilimpa jina hilo kwa sababu alikuwa hatembei, alikuwa anaruka.

Vijana wa bodaboda pale njia panda hawachoki. "Madam, wewe ndio unapeleka mbwa ama mbwa ndio inakupeleka?" Mwingine: "Kama unatoroka bwana si upande nikufikishe!" Wakacheka. Nawachukia mmoja mmoja.

Mzee Nzioka alikuwa amesimama langoni kwake tena. Lango la mabati mekundu, mwanzo wa kilima. Kavaluku hupenda kusimama hapo kunusa mbuzi wake, na kila siku ni lazima nimpigie kelele ili tupande: "Kimbia, Kavaluku! Kimbia!" Leo mzee alitema mate chini tulipopita. Sikumsalimu. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatano, 5 Juni

Jiwe. Lilitoka nyuma ya ua wa minyaa karibu na kwa Mzee Nzioka. Halikunipata. Halikumpata mbwa pia. Sikuona mtu.

Jioni kwenye foleni ya maji wanawake walikuwa wakiongea. Nilipoweka mtungi wangu wakanyamaza. Mmoja akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama anayepima kitambaa.

Sijamkosea mtu. Nimejichunguza. Sichezi muziki, sileti wanaume, nafagia sehemu yangu ya ua. Mbwa wangu hajawahi kuuma kuku wa mtu.

Ijumaa, 7 Juni

Ofisini bosi aliniuliza kama ni mimi "yule wa mbwa". Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akaendelea kusoma. Siku nzima nimefikiria hiyo "haya".

Jumamosi, 8 Juni

Leo nitaandika vibaya.

Mzee Nzioka alitoka kabisa barabarani. Ana miaka kama sabini, mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia hata alfajiri. Alinikingia njia kwa bakora. Nikasimama. Kavaluku akakaa karibu na mguu wangu, hakubweka hata kidogo.

"Wewe msichana. Nani amekutuma?"

Sikuelewa. Nilidhani anauliza habari za ofisi. Nilitaka kusema hakuna mtu, kwamba nakimbia tu kwa afya. Lakini nikiogopa sauti yangu hukauka. Macho yake yalikuwa yamelowa na mekundu. Nilifikiri, huyu mtu atanipiga hapa na hakuna atakayetoka.

Nikafanya kile ninachofanya kila siku. Nilivuta kamba na kupiga kelele, "Kimbia, Kavaluku! Kimbia!"

Usoni pake. Mbele ya pua yake.

Bakora ilinipata kwenye muundi wa mguu. Pamevimba. Tulikimbia mpaka juu kabisa bila kugeuka nyuma. Ndipo nikakaa kwenye jiwe na kulia kwa hasira. Mzee mzima. Mzee wa kanisa! Ananipiga kwa sababu ya kukimbia barabara ya serikali.

Namchukia. Naandika tena ili nisisahau. Namchukia.

Jumapili, 9 Juni

Nilienda kanisani kwa sababu nisipoenda watasema.

Yeye ndiye aliyeongoza maombi. Aliomba mvua, akaombea wagonjwa, kisha akaomba Mungu afunge "vinywa vinavyochimbua walichozika wenyewe". Watu wakaitikia amina kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama mmoja mbele yangu aligeuka.

Kwa hiyo sasa nimekuwa ombi. Nilikaa na mguu wangu uliovimba nikimtazama kisogo. Sikufumba macho.

Jumanne, 11 Juni

Mwenye nyumba, Mama Ndinda, alinifuata kwenye kamba ya nguo. Ni mjane, mwema kwa kawaida, huniletea isyo, mahindi na maharagwe, akipika nyingi. Leo alishika vibanio vyangu mkononi na hakunipa hata kimoja.

"Mwiitu," akaniita, yaani msichana, "mwezi ukiisha hiyo mbwa isiwe hapa."

"Amefanya nini, mama?"

"Si mbwa. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Ai! Usinifanye mtoto. Unajua mwenyewe. Kila asubuhi mji mzima unakusikia."

Kisha akaenda. Alienda na vibanio vyangu.

Unajua mwenyewe. Hii ndiyo sentensi mbaya kuliko zote hapa. Hawakwambii kosa. Wanakwambia unalijua. Nimelala kitandani nikihesabu makosa yote ambayo ningeweza kuwa nimefanya. Labda ni kaptula. Labda ni kupita bila kusalimu, kwa maana kwetu mtoto hapiti mtu mzima hivyo, na hilo ni kweli nimelifanya. Lakini mtu hapigwi bakora kwa salamu.

Kumtoa Kavaluku siwezi. Nimpeleke wapi? Kitui mama ameshauza boma. Na bila yeye sitakimbia, na nisipokimbia nitabaki na hii hofu kutwa nzima, bila hata saa moja ya kupumua.

Alhamisi, 13 Juni

Nilijaribu njia nyingine, ile ya nyuma ya soko. Bodaboda wawili walitufuata taratibu, taa zikitupiga mgongoni, wakimwigiza Kavaluku. "Wuu! Wuu! Madam, fungua kamba tuone kama inaweza kukimbia kushinda hii pikipiki!" Mmoja alinipita karibu mpaka kioo kikagusa kiwiko changu.

Kesho narudi njia yangu. Afadhali adui mmoja mwenye bakora.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepita langoni. Nimemwita Kavaluku kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kwa makusudi, ili yule mzee ajue siogopi. Ninaogopa. Lakini asijue.

Lango halikufunguka. Vizuri.

Jumamosi, 15 Juni

Wamempa sumu.

Kulikuwa na kipande cha ini pembeni mwa barabara, karibu na lango jekundu, kimewekwa juu ya jani la mgomba kama zawadi. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa ameshakimeza. Kwenye jani kulibaki chembechembe nyeusi.

Tulikuwa katikati ya kilima alipoanza kuyumba. Mate, povu, miguu ya nyuma ikakauka. Nilimbeba. Ni mzito, sijui nilimbebaje. Nilipita njia panda nikiwa nimemkumbatia, nguo zote matapishi, na wale vijana wa bodaboda hawakucheka. Mmoja wao, yule wa kioo, alisema tu, "Panda." Alitupeleka kwa daktari wa mifugo bila kusema neno lingine. Simchukii huyo kwa leo.

Daktari alimtazama mbwa, akanitazama mimi. "Mbwa ya kienyeji, madam? Watu huniletea ng'ombe." Lakini alimchoma sindano na kunionyesha jinsi ya kumnywesha makaa yaliyosagwa kwenye maji. Alisema akifika kesho jioni akiwa hai huenda akapona. Kuhusu miguu, hawezi kuahidi.

Nimekaa naye sakafuni siku nzima. Anatetemeka, anatulia, anatetemeka.

Kituo cha polisi sikwenda. Najua watakavyoniuliza. Mbwa wa aina gani? Ulimwona nani? Na kila mtu pale ndani ni mpwa wa mtu fulani.

Natamani Mzee Nzioka afe. Nimeandika, siwezi kufuta. Natamani.

Jumapili, 16 Juni

Kavaluku yu hai. Hawezi kusimama. Macho yananifuata.

Sikwenda kanisani. Adhuhuri Mama Ndinda alibisha, amebeba maziwa kwenye kikombe cha bati na vibanio vyangu ndani ya leso. Alipomwona mbwa alivyolala, alikaa chini palepale, sakafuni, na kanga yake ya Jumapili.

"Hii imezidi sasa," akasema. "Lakini na wewe, mwiitu, kwa nini ulianza?"

Nikamwambia kwa hasira kwamba sijaanza chochote, kwamba sijui, kwamba kama kuna mtu mmoja tu katika mji huu mwenye ulimi aniambie nimefanya nini. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo aliposadiki kwamba sijui.

"Mbwa yako inaitwa nani?"

"Kavaluku. Si mnasikia kila siku?"

"Hiyo mbwa," akasema. Akaweka mkono kinywani. "Tulifikiri hiyo ni kisingizio. Tulifikiri umeipatia mbwa jina makusudi, ndio upite nalo."

Kisha akanieleza. Naandika kama alivyosema.

Mzee Nzioka alikuwa na kaka, Mutiso. Walipokuwa vijana, daraja halijajengwa, walishuka mtoni kiangazi kuchota maji. Mto ni mchanga mtupu, unachimba kisima, mmoja anaingia ndani anachota, mwingine anapokea juu. Mutiso alikuwa ndani. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, hapa jua linawaka. Nzioka akasikia maji yanakuja. Yakija huwa kama lori. Akaruka, akakimbia hadi ng'ambo. Hakupiga kelele. Hakunyoosha mkono. Alikimbia tu. Mutiso walimpata siku zilizofuata, chini kabisa.

Kwenye mazishi mlevi mmoja wa ukoo akauliza kwa sauti: "Na Kavaluku yuko wapi?" Sungura, yule wa kukimbia. Jina likashika. Vijana wakawa wanampigia kelele sokoni, "Kimbia, Kavaluku! Kimbia!" Miaka na miaka. Hakuoa mapema kwa sababu ya hilo jina. Baadaye akaokoka, akawa mzee wa kanisa, na watu wakakubaliana bila kukubaliana kwamba halitatamkwa tena. Watoto wa siku hizi hawalijui. Ndiyo maana hakuna aliyeniambia. Kuniambia kungekuwa kulitamka.

"Na mke wa Mutiso," Mama Ndinda akasema, "Mueni, alirudi kwao akiwa na uchungu, na mtoto mgongoni. Kwao ni Kitui."

Kitui. Na mimi natoka Kitui. Nani amekutuma?

Nimeandika hadi hapa na mkono umekufa ganzi. Ningepaswa kuwa na huruma. Naitafuta. Kila nikiitafuta namwona Kavaluku akijaribu kuinuka na miguu ya nyuma ikibaki chini kama si yake. Mbwa hakumwita mtu sungura. Mbwa alikula ini tu.

Jumatatu, 17 Juni

Nilienda peke yangu. Bila mbwa, bila viatu vya kukimbilia. Nimevaa sketi ya ofisini.

Nilisimama mbele ya lango jekundu. Na safari hii nikijua. Nikijua kila kitu.

Nikaita. "Kimbia, Kavaluku! Kimbia!" Nikaita tena. Nikaita mpaka mbuzi wakaanza kulia na lango la jirani likafunguka. Sauti yangu haikukauka. Ilikuwa nene, sijawahi kuisikia. Ilinifurahisha. Naandika ukweli: ilinifurahisha.

Alitoka. Hakuwa na bakora, hakuwa na kofia. Kichwa chake bila kofia ni kidogo, kama cha mtoto. Alishika nguzo ya lango. Sasa nilitaka anipige, nilikuwa tayari.

Akasema kwa Kikamba, polepole, si kwangu hasa: "Nilikimbia."

Halafu: "Nilikimbia. Mwambie Mueni nimekubali. Nimekubali, mwiitu. Sasa nyamaza."

Na akakaa chini, vumbini, na suruali yake safi.

Watu walikuwa wametoka. Hakuna aliyenirushia jiwe. Walinipisha. Nilitembea hadi ofisini nikiwa na hisia kwamba nimebeba kitu kinachonuka na kila mtu anakisikia.

Nilitapika kwenye choo cha wafanyakazi. Mchana bosi alisema nionekane nimechangamka, wageni wanakuja.

Jumatano, 19 Juni

Wananisalimia sasa. Ndiyo, wananisalimia. Kwenye foleni ya maji walinisogeza mbele. "Chota tu, madam." Wananiogopa.

Nilitaka hiki kwa muda mrefu. Ni kibaya.

Kavaluku amesimama. Ameanguka. Amesimama tena.

Alhamisi, 20 Juni

Mke wa Mzee Nzioka alikuja. Mama Kioko, mwembamba, anaongea akitazama pembeni. Hakukaa kitini nilichompa. Aliketi kwenye ngazi ya mlango, akamtazama mbwa.

"Ni yeye aliweka ile ini," akasema. "Alichinja mbuzi mzima juu ya hiyo. Sikujua mpaka niliona ngozi. Nakwambia ndio usimfikirie mwingine."

Nilimvuta Kavaluku karibu na mguu wangu.

"Hajala tangu Jumatatu. Uji tu. Sasa, mwanangu, niambie. Mueni amekutuma?"

"Simjui Mueni, mama. Sijawahi kumwona. Kitui ni kubwa."

"Hata mtoto wake?"

"Hata mtoto wake. Jina nililitoa kwenye hadithi. Mbwa alikuwa anaruka."

Nilifikiri atafurahi. Nilifikiri atainuka haraka akamwambie mumewe kwamba hakuna adui, kwamba ilikuwa bahati mbaya, mji mzima ulikosea, nami nilikosea.

"Ai," akasema mwishowe. "Na yeye alikuwa ameshaanza kutafuta koti ya safari. Anasema Mueni akituma mtu, basi bado anamkumbuka. Anasema ataenda ajibu mwenyewe." Akafuta magoti. "Ingekuwa afadhali ungekuwa umetumwa."

Nilimwomba msamaha kwa ya Jumatatu. Alisema, "Hiyo mwambie mwenyewe." Lakini hakusema lini, wala hakusema nije.

Bado namchukia yule mzee. Lakini chuki yenyewe sasa haina mahali pa kushika. Naishika, inateleza.

Jumamosi, 22 Juni

Nilienda. Nilisimama nje ya lango na kusema hodi. Nilisikia kiti kikisogezwa ndani. Nikasema nimekuja kuomba msamaha, kwamba sikujua, na kwamba Jumatatu nilijua. Nilisema yote nikiongea na mabati.

Nilisikia mtu akipumua upande wa pili, karibu kabisa.

Kisha sauti yake: "Mbwa imekufa?"

"Hapana. Anatembea kidogo."

Hatua zikaondoka.

Ni hayo tu.

Jumanne, 25 Juni

Mama Ndinda amesema naweza kubaki, na mbwa pia. Anasema mambo yameisha. Nimemshukuru. Nimemwambia nitahama.

Siwezi kukaa mahali ambapo watu wananisogeza mbele kwenye foleni.

Jumapili, 30 Juni

Nimehama jana. Chumba ni kidogo, dirisha linatazama mashamba ya mbaazi. Asubuhi tulitoka mimi na mbwa. Hatukukimbia. Mguu wake mmoja wa nyuma unaburuta na kuacha mstari mchangani. Tulienda hadi mwisho wa ua, tukasimama, tukarudi. Ndege wengi huku. Hakuna mtu aliyetuuliza kitu. Niliogopa kiasi, si sana.

Sijamwita kwa jina tangu siku ile. Nimejaribu majina mengine. Simba, Bobi. Hageuki. Nikipiga ulimi kidogo kwenye meno, anageuka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa ingawa nilikuomba usisome: kama utataka kunirudishia daftari hili, usilipeleke ofisini. Shika njia ya Kalamba kutoka Wote, pita kinu cha kusaga, ingia kushoto kwenye ua wa michongoma. Nyumba ya mabati mapya, mlango wa mwisho. Njoo asubuhi, jua likishatoka. Usipige kelele ukiwa njiani, na usimwite mbwa kwa jina lolote. Simama tu nje ya ua, ukohoe kidogo, kama watu wa huku wafanyavyo. Nitatoka mwenyewe.